Kuhamia kando ya Ziwa Kivu: jibu kuhusu gesi, kijito na maji ya kunywa

Swali. Mama mmoja wa Ibanda, mjini Bukavu, aliyestaafu ualimu, ameandika kwamba amechoshwa na makelele ya mji na anataka kumalizia maisha yake kijijini, kando ya ziwa. Ameonyeshwa parsela kwenye ghuba ndogo tulivu ya upande wa Kalehe, mahali tambarare penye migomba, hatua kumi tu kutoka majini, na pembeni yake kunapita kijito ambacho muuzaji anakisifu kwamba hakikauki hata kiangazi. Watoto wake wanampinga, wakisema ziwa lina gesi ambayo siku moja itamaliza watu. Anauliza kama gesi hiyo ni sababu ya kuacha kununua, kama maji ya ziwa yanafaa kunywewa, na kuna nini kingine cha kutazama kabla ya kutoa pesa.

Jibu. Mama, nakushauri usilipe bado. Sababu yangu si gesi, ambayo nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa watoto wako hawakuitunga. Sababu yangu ni kile kijito ambacho muuzaji anakisifu. Anayetafuta makazi ziwani huangalia upande wa maji, kwa kuwa ndiko macho yanakovutwa, na muuzaji mwerevu humsimamisha mteja palepale ufukweni, saa za jioni, upepo ukiwa umelala. Mimi, ambaye kazi yangu imekuwa kupima maji ya Kivu na kuzunguka vijiji vya mwambao wake, nikifika mahali pageni huyapa maji kisogo kwanza nikautazama mlima.

Tuanze na gesi, tuimalize. Ziwa Kivu lina kina cha mita zipatazo 485 pale lilipochimbika zaidi, na maji yake hayachanganyiki kutoka juu hadi chini kama ya maziwa mengine mengi. Tabaka la juu, lenye hewa inayowafaa samaki, linaishia kwenye mita 60 hivi, na hata pepo za kiangazi haziyakorogi maji kupita hapo. Ukishuka chini ya mita 260 hivi unakuta maji ya namna nyingine: yana chumvi zaidi, yana joto kidogo zaidi, ni mazito, na yamejaa gesi zilizoyeyuka. Makadirio yanayokubalika ni kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zikihesabiwa kana kwamba zimetolewa nje kwenye hewa tunayopumua. Hewa ukaa hutoka chini ya ardhi ya volkano, ikiletwa na chemchemi zinazoingia ziwani kwa chini. Methani kwa sehemu kubwa hutengenezwa na vijidudu humohumo majini na katika matope ya sakafu ya ziwa.

Kinachowatia watu hofu ni habari ya Kameruni. Huko Ziwa Monoun liliua watu 37 mwaka 1984, kisha usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos likatoa wingu la hewa ukaa lililoua watu wapatao 1,700 katika mabonde ya jirani. Kivu ni kubwa mno kuliko maziwa hayo, kwa hiyo hoja ya watoto wako ni ya haki. Hata hivyo gesi hufumuka pale tu shinikizo lake linapozidi uzito wa maji yaliyo juu yake, na katika Kivu, hata kwenye tabaka lililojaa kuliko yote, imefikia zaidi kidogo ya nusu ya kiwango hicho. Timu mbalimbali zilizopima pamoja mwaka 2018 ziliona pia kwamba gesi haiongezeki kwa kasi iliyokuwa ikihofiwa hapo awali. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikatiza katikati ya mji wa Goma ikaingia ziwani, na matabaka ya chini hayakutikisika. Mwezi Mei 2021, mlima ulipolipuka tena na magma ikajipenyeza chini ya mji kuelekea ziwani, wakuu waliamuru sehemu ya Goma ihamishwe, na gesi ya ziwa ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoogopwa. Ziwa likabaki kama lilivyo. Sisemi kwamba haliwezi kamwe kufumuka. Nasema kwamba linahitaji msukosuko mkubwa sana katika kina chake, na upande wa kushukiwa zaidi ni wa kaskazini, karibu na volkano. Upande wa Rwanda, karibu na Karongi, mtambo wa KivuWatt uliozinduliwa mwaka 2016 huyavuta maji ya chini, ukayatoa methani na kuzalisha megawati 26 za umeme, kwa hiyo gesi inayowanyima watoto wako usingizi ndiyo hiyohiyo inayowasha taa za jirani.

Sasa waulize watoto wenyewe wanalala wapi. Mtu wa Ibanda tayari ni mkazi wa ziwa hili. Mitaa ya Muhumba na Nguba inachungulia maji yaleyale. Msiba wa namna ya Nyos, kama ungetokea, usingehesabu kama umejenga hatua kumi au hatua mia mbili kutoka ufukweni. Ni swali la watu wote wanaoizunguka Kivu, wanaohesabiwa kwa mamilioni, kuanzia Goma na Gisenyi hadi Bukavu na Cyangugu, na halikusaidii kuchagua kati ya parsela moja na nyingine. Ipo gesi nyingine inayochagua parsela, nayo ni mazuku: hewa ukaa inayofuka moja kwa moja kutoka kwenye nyufa za ardhi na kutuama mashimoni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ikaua mbuzi, mbwa, na wakati mwingine mtoto aliyetumwa alfajiri kabla upepo haujaamka. Hiyo ni ya upande wa Goma, Bulengo na Sake. Huko pia ndiko iliko ghuba ya Kabuno, ambayo gesi yake inaanzia mita 12 hivi tu kutoka juu. Kama ungeniandikia kwamba umeonyeshwa kiwanja huko, jibu langu lingekuwa fupi kuliko hili.

Tuje kwenye kijito. Zamani maji ya nchi hii yalielekea kaskazini, upande wa Nile, mpaka volkano za Virunga zikaziba njia. Maji yakapanda, yakajaza mabonde, na hatimaye yakapata mlango wa kusini, ndio huu Mto Ruzizi unaotokea Bukavu kwenda Tanganyika. Kwa hiyo ghuba nyingi za kusini na za magharibi ya Kivu ni mabonde yaliyozama. Utulivu uliokupendeza, mama, unatoka hapo: migongo miwili ya vilima inalikinga bonde, na mawimbi ya ziwa kuu hayaingii. Lakini mto uliolichonga bonde hilo haukuhama. Bado unashuka kutoka mlimani na kuingia ziwani mwishoni mwa ghuba, penye ardhi tambarare na migomba. Ghuba zenye utulivu bila kijito ni chache sana, na muuzaji anayekuuzia utulivu amekuuzia na kijito.

Jiulize pia ardhi hiyo tambarare imetoka wapi, katika nchi ambayo kila kitu kimeinama. Kijito ndicho kilichoileta, na hakikuileta kidogo kidogo tu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi ambayo ni siku ya soko huko Nyamukubi, mvua kubwa iliteremsha maji, matope na mawe juu ya Nyamukubi na Bushushu, vijiji vya mwambao wa Kalehe. Waliokufa walikuwa zaidi ya 400, na wengi hawakuonekana tena. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikaa pale kwa sababu zilezile zinazokuvuta wewe, yaani ardhi yenye rutuba, maji karibu, gati la mitumbwi na nafasi ya kujenga bila kuchimba mlima. Mdomo wa mto ndio mahali pazuri kuliko pote kwenye mwambao huu kwa miaka mingi mfululizo, mpaka ifike ile saa moja.

Kwa hiyo urudi kwenye parsela bila muuzaji, ukiwa na kijana mwenye jembe. Mwambie achimbe shimo la kufika kiunoni, mbali kidogo na kijito. Ukikuta udongo laini, chini yake kokoto, kisha udongo tena, na chini zaidi mawe ya mviringo ambayo mtu mmoja hawezi kuyanyanyua, umesoma historia ya kiwanja chako: jiwe halipati umbo la mviringo likiwa limekaa mahali pamoja, na maji yenye nguvu ya kulibeba jiwe la namna hiyo yanaibeba na nyumba. Halafu panda kufuata kijito kwa muda wa saa moja. Tazama kama miteremko imelimwa hadi kileleni, kama kuna makovu mekundu ambapo ardhi imeporomoka, kama magogo yamekwama kwenye koo la bonde. Unapozungumza na wenyeji usiulize kama mto hufurika, kwa maana jibu litategemea wanavyokufikiria; waulize wazee na akina mama wanaofulia pale mto ulikuwa unapita wapi zamani. Wakikuonyesha mahali pengine zaidi ya pamoja, ujue kwamba mto huo huhama, na parsela yako iko katika njia zake.

Kuna ishara moja ambayo kila mtu wa bondeni anapaswa kuijua, hata kama hanunui kitu. Mvua ikiwa inaendelea kunyesha mlimani na kijito kikapungua ghafla, au kikageuka tope zito, maana yake ni kwamba huko juu ardhi imeporomoka na kukiziba, na maji yanajikusanya nyuma yake. Hapo hakuna kwenda kuchota wala kukusanya vyombo. Ni kupanda mgongo wa kilima, pembeni, si kukimbia kuelekea ziwani.

Mahali ninapopapendekeza kwenye ghuba yoyote ni juu ya mgongo wenyewe, ule unaoikinga ghuba, mahali mwamba unapoonekana au ulipo karibu na juu. Utapanda na bidoni lako, na magoti yatalalamika, hilo silifichi. Lakini ukitazama nyumba za zamani za mwambao, zile zilizosimama tangu wakati wa babu zetu, utaona nyingi ziko huko juu, na zile za chini mdomoni mwa mito nyingi ni za watu waliofika baadaye wakakuta huko juu kumeshajaa. Usiuchimbe mlima kupata uwanja mpana. Ukikata mteremko wa udongo mwekundu na kuuacha wima, umejitengenezea ukuta utakaokulalia siku ya mvua, kama wanavyojua vyema watu wa mtaa wa Funu hapa Bukavu. Kwa jumla upande wa Katana, ambako ardhi ni uwanda wa lava ya zamani unaoshuka polepole, ni wa upole kuliko mwambao wa kaskazini ya Kalehe, ambako milima inaangukia ziwani karibu wima. Kama hujafunga moyo wako kwenye ghuba hii moja, tafuta huko.

Juu ya ujenzi nitasema machache. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipiga Bukavu, Kabare na ng'ambo ya Rwanda asubuhi ya Jumapili, na kilichoumiza watu ni kuta nzito za matofali yasiyofungwa na kitu. Nyumba ndogo ya chini, yenye ukanda wa zege na chuma juu ya kuta zote na paa jepesi la mabati, inatosha, na fundi yeyote mzuri wa Bukavu anaifahamu. Ongeza kinga ya radi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa nchi zinazopigwa na radi nyingi kuliko karibu zote duniani, na nyumba iliyo peke yake juu ya mgongo wa kilima ni ya kwanza kutafutwa. Hiyo ndiyo bei ya kukimbia kijito, na ni afadhali kuilipa.

Upande wa maji wenyewe, hatua kumi ni chache mno hata pasipokuwa na kijito. Ziwa hupanda na kushuka kila mwaka, likifikia juu zaidi mwishoni mwa mvua ndefu, kama mwezi Mei, na ingawa katika mwaka wa kawaida tofauti haifiki mita moja, kwenye ufuko ulio tambarare kipimo hicho kidogo hutembea mbali kuelekea mlangoni. Sakafu ya ziwa ni mali ya Serikali, na hakuna mtu anayeweza kukuuzia kihalali ukanda unaofunikwa na maji. Matete yaliyopo yaache. Yanashika udongo, yanavunja mawimbi, na samaki hutagia humo. Ukikuta muuzaji ameyafyeka ili kiwanja kionekane kipana, umejua mambo mawili kwa pamoja, la ufuko na la muuzaji.

Kuhusu karatasi, unajua kwamba kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973 udongo wote ni wa Serikali, na mtu hupewa haki ya kuutumia. Vijijini, upande wa Bushi na Buhavu, ardhi nyingi bado inashikwa kwa desturi ya kalinzi, yaani haki ya ardhi inayotolewa na chifu kwa malipo, na barua ya chifu ina uzito mbele ya majirani lakini si sertifika ya konservateri wa hati za ardhi. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba ukoo mzima wa muuzaji umekubali mbele ya mashahidi, kwamba anayekata bei siye aliyepewa ardhi kwa bwasa ya mwaka mmoja tu, na kwamba mipaka imepimwa kwa miguu ukiwapo wewe pamoja na majirani wa pande zote. Zaidi ya hapo mtafute mwanasheria. Mimi ni mtu wa maji.

Sasa maji ya kunywa. Kuyaoga, ndiyo, kwa masharti. Kuyanywa yakiwa mabichi, hapana. Mamba na viboko hawamo Kivu, na hilo limewafanya watu waliamini ziwa kupita kiasi. Kwa muda mrefu ilisemwa pia kwamba kichocho hakimo, lakini kwenye kisiwa cha Nkombo, upande wa Rwanda kusini mwa ziwa, watoto wamepimwa na kukutwa na kichocho cha tumbo. Epuka basi kusimama muda mrefu kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, na huko mwishoni mwa ghuba ndiko yaliko. Kipindupindu ndicho cha kuogopa zaidi. Goma ilikiona mwaka 1994 kikiua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi, na hadi leo vijiji vya mwambao hukipata mara kwa mara, hasa baada ya mvua kusomba vinyesi kuingia ziwani.

Hapa kuna jambo ambalo halielezwi mara nyingi kwenye vituo vya kugawia dawa ya maji, yaani klorini. Maji ya Kivu ni ya magadi: ukipima ukali wake kwa kipimo cha pH unapata karibu 9, wakati maji safi ya kawaida yako karibu 7. Ndiyo maana yana ladha yake, na sabuni haitoi povu kama kwenye maji ya mvua. Katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa ya klorini hugeuka kuwa umbo dhaifu, kwa hiyo kipimo kilekile cha dawa kinachoua vijidudu upesi kwenye maji ya chemchemi hufanya kazi polepole kwenye maji ya ziwa. Chuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, tia dawa kama kibandiko kinavyosema, kisha subiri saa nzima badala ya nusu saa. Ukichemsha, kwa mwinuko wetu wa mita 1,460 hivi maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na hiyo inatosha kabisa, mradi yatokote kwa nguvu dakika moja kamili. Yaliyofuka tu moshi kidogo juu ya makaa bado hayajawa tayari.

Maji mazuri kuliko yote utayapata juu ya kichwa chako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na hesabu hiyo mwalimu hahitaji kurudiwa. Nyumba ya mita 6 kwa 10 ina paa la mita za mraba 60. Mvua moja kubwa ya milimita 40 ingekupa lita 2,400, na ukitoa zinazopotea kwa kurukia nje na kwa kuosha paa, unabaki na kama lita 1,900. Tatizo ni miezi ya Juni, Julai na Agosti. Watu wanne wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, siku 90 zinataka lita 7,200, na tanki la ukubwa huo ni ghali. Lakini kwa kunywa na kupikia lita 5 kwa mtu zinatosha, yaani lita 1,800 kwa kiangazi kizima. Basi tanki liwe la mdomo, na ziwa liwe la kufulia, kudekia na kumwagilia bustani. Weka bomba la kumwaga maji ya kwanza ya kila mvua, kwa kuwa hayo huosha vumbi, majani na mavi ya ndege kutoka kwenye mabati, na funika tanki vizuri ili mbu wasikae. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka ziwani na kutoka kwenye chemchemi yoyote, tena upande wa chini ya chemchemi, na usiruhusu shimo lichimbwe hadi kukuta maji.

Umeandika kwamba unatafuta kimya. Mchana utakipata. Usiku, kwenye giza la mwezi, utawasikia wavuvi wa sambaza wakitoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba ili makasia yaende sawa, na kufikia saa tatu ziwa zima litakuwa limewashwa taa. Taa hizo huwavuta wadudu wadogo wa majini, na sambaza huwafuata hadi juu ya wavu. Samaki huyu si wa asili ya hapa; aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji ya wazi ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula wadudu hao. Leo yeye ndiye kitoweo cha Bukavu nzima. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, mitumbwi hupumzika, na bei hupanda, nunua kabla. Wakija vijana kukuuzia samaki wachanga waliovuliwa kwa chandarua kwenye matete yako, usinunue hata wakikupunguzia, maana hao ndio samaki wako wa mwaka unaofuata.

Mwisho ni njia. Habari za usalama wa barabara na vizuizi hubadilika kila wiki na si fani yangu. Waulize madereva wa njia ya Kavumu na Katana asubuhi unayotaka kusafiri. Kwa boti nina neno moja la ukali. Mwezi Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia gati la Kituku, Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na makumi ya watu wakafa huku wakionekana kutoka nchi kavu. Usipande chombo kinachozama hadi karibu na ukingo, hata nahodha akikuita mama na kukupa kiti cha mbele. Safiri asubuhi, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi, vaa jaketi lako mwenyewe la kuokoa maisha badala ya kutegemea la chombo, na mawingu meusi yakikusanyika juu ya milima ubaki gatini, kwa ajili ya radi kama kwa ajili ya mawimbi. Kwa mtu wa umri wako napenda pia nyumba iwe mahali ambapo mgonjwa anaweza kufikishwa hospitali ya Katana kwa barabara, bila kumsubiri mwenye boti.

Kwa hiyo kuhusu parsela hii jibu langu ni hapana, na kuhusu kuhamia ziwani ni ndiyo. Mwulize muuzaji kama ana sehemu juu ya mgongo wa kilima, au tafuta mpya upande wa Katana, na usikubali kuonyeshwa kiwanja mwezi wa Julai. Nenda Aprili au Novemba, mvua ikiwa imechachamaa, ulale usiku mmoja kwa jirani, uamke na kuona maji yamepita wapi. Ukishapata mahali, niandikie urefu na upana wa paa unalotaka kujenga na idadi ya watu watakaolala humo, nami nitakukadiria ukubwa wa tanki.